MJI WA KITANDA: OYAMAZAKI, KATI YA KYOTO NA OSAKA

Katika madarasa ya elimu ya siasa, kila tufikapo kwenye mada ya miji, huulizwa swali moja ambalo si rahisi kulijibu kwa mkato: mahali ambapo watu hulala tu, na asubuhi huondoka kwenda kuzalisha mali kwingine, je, pana haki ya kuitwa mji? Swali hili haliulizwi kwa kujifurahisha. Kada anayeishi Kibaha, Chanika au Bunju na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam analiuliza akiwa amesimama ndani ya basi saa kumi na moja alfajiri. Baadhi yetu hudhani kwamba hali hii imezuka yenyewe kwa sababu watu wameongezeka. Dhana hiyo si sahihi. Mji wa kulala una historia, una walioubuni, una walionufaika nao na una waliolipa gharama yake. Nchi ambayo jambo hili limekomaa sana ni Japani, na Wajapani wenyewe wana jina lake: *beddotaun*, yaani mji wa kitanda.

Tumeona yafaa tuchambue mji mmoja mdogo wa huko badala ya kuzungumzia Tokyo, ambayo ukubwa wake humfanya msomaji ashangae tu na asijifunze. Mji tuliouchagua unaitwa Oyamazaki.

MAHALI PENYEWE

Oyamazaki imo katika mkoa wa Kyoto, mpakani kabisa na mkoa wa Osaka. Eneo lake halifiki kilometa za mraba 6, na wakazi wake ni kama 16,000. Upande mmoja pana mlima Tennozan, wenye kimo cha mita 270. Upande wa pili mito mitatu, Katsura, Uji na Kizu, hukutana na kuwa mto mmoja, Yodo, unaoteremka kuelekea Osaka na bahari. Kati ya mlima na mito imebaki njia nyembamba, na kila anayesafiri kati ya miji hiyo miwili mikubwa kwa ukingo huo wa mto hana budi kuipita.

Ndani ya ukanda huo mwembamba vimebanana vitu vingi mno. Reli ya serikali ilifika mwaka 1876, na kituo chake cha Yamazaki kimekaa juu ya mpaka wenyewe: sehemu ya jukwaa la abiria iko Kyoto na sehemu iko Osaka. Mwaka 1928 ikaja reli ya kampuni binafsi, ambayo leo ni ya kampuni ya Hankyu. Mwaka 1963 ikafunguliwa barabara ya magari ya mwendo kasi iitwayo Meishin, na mwaka 1964 ikaja reli ya treni za kasi, Shinkansen. Reli ya serikali nayo ilitolewa mikononi mwa umma mwaka 1987, shirika la reli la taifa lilipogawanywa na kufanywa makampuni.

Hapa tuongeze jambo dogo litakalowafurahisha ndugu zetu wa reli. Njia ya zamani ya serikali ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA yetu. Njia ya Hankyu na ile ya Shinkansen zina milimita 1,435, sawasawa na reli yetu mpya ambayo ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, mwaka 2024. Kwa sababu upana ulilingana, mwaka 1963, wakati tuta la Shinkansen lilipokuwa limekwisha kujengwa hapo na reli ya Hankyu iliyo ubavuni mwake ikabidi nayo iinuliwe, treni za kawaida za Hankyu zilipitishwa kwa muda juu ya reli mpya ya Shinkansen. Kwa miezi kadhaa wafanyakazi na wanafunzi wa vitongoji hivi walisafiri juu ya njia ya fahari ya taifa kabla ya treni ya kasi yenyewe kuanza. Kisha wakarudishwa kwenye njia yao. Tangu siku hiyo Shinkansen hupita Oyamazaki bila kusimama, na treni za haraka za makampuni yote mawili hufanya vivyo hivyo. Inayosimama ni ile ya pole pole. Kwa treni hiyo mkazi hufika Kyoto kwa kama dakika 15, na Osaka kwa kiasi cha nusu saa.

Msomaji asidhani kwamba njia nyingi zikipita mahali basi mahali hapo panafaidika kwa kadiri hiyo. Barabara na reli huchukua ardhi ya mji, huacha moshi na kelele, na manufaa yake makubwa hushukia kwenye ncha mbili.

MAHALI HAPA HAPAKUANZA KUWA KITANDA

Kabla ya ubepari Oyamazaki ilikuwa mahali pa kuzalisha na kufanya biashara. Katika karne za kati wakazi wake walikamua mafuta ya taa kutokana na mbegu za mmea uitwao *egoma*. Walikuwa na chama chao cha wafanya biashara chini ya ulinzi wa hekalu la Hachiman, na kwa kivuli cha hekalu walipewa haki ambazo wengine hawakuwa nazo: kununua mbegu na kuuza mafuta peke yao katika majimbo mengi, na kupita kwenye vizuizi vya barabarani bila kulipa ushuru. Huu ndio ukiritimba wa zama za ukabaila. Mfanya biashara hakusimama kwa nguvu ya mtaji wake peke yake. Alihitaji mgongo wa bwana au wa dini. Nguvu mpya za kisiasa zilipoamua kuvunja vyama vya namna hiyo katika karne ya 16, na mafuta ya mbegu nyingine yalipoingia sokoni, utajiri wa Oyamazaki ulififia.

Mwaka 1582 palipiganwa hapa vita kati ya Toyotomi Hideyoshi na Akechi Mitsuhide, aliyekuwa amemwasi bwana wake Oda Nobunaga. Hideyoshi alishinda, na akaanza papo hapo kazi ya kupima mashamba ya majimbo aliyoyashika ili kila shamba lijulikane mlimaji wake na kiasi cha mpunga anachopaswa kutoa. Hata leo Mjapani akitaka kusema kwamba uchaguzi au shindano limefika kwenye siku ya kuamua mambo, husema kwamba ndiyo Tennozan yake. Historia za kibwanyenye hupenda sana hadithi ya panga za siku hiyo. Sisi tunaona kwamba kipimo cha shamba kilidumu na kumgusa mkulima kuliko upanga.

KAMPUNI YA RELI INAPOUZA NYUMBA

Mji wa kitanda ulizaliwa hasa katika eneo hili la Osaka, na tunaweza kumtaja aliyeufanya kuwa biashara. Jina lake ni Kobayashi Ichizo. Mwaka 1910 kampuni yake ndogo ya reli ya umeme ilifungua njia kutoka Osaka kwenda upande wa kaskazini, mahali palipokuwa na mashamba na vijiji. Abiria walikuwa wachache. Kobayashi aliona kwamba kama abiria hawapo, basi kampuni iwatengeneze. Ikanunua mashamba kando ya reli kwa bei ya mashamba, ikayakata viwanja, ikajenga nyumba mahali paitwapo Ikeda na kuwauzia makarani na wafanyakazi wa maofisi kwa malipo ya kidogo kidogo kwa miaka. Kwenye ncha moja ya njia ikaweka mahali pa starehe na maonyesho, Takarazuka. Kwenye ncha ya pili, Osaka, ikafungua duka kubwa juu ya kituo mwaka 1929.

Tupembue hesabu yake. Kampuni hiyo ilipata faida mara nne kwa mtu yule yule. Ilipata faida alipomnunua mkulima shamba lake na kuliuza kama kiwanja. Ilipata nauli kila asubuhi na kila jioni. Ilipata fedha za mke wake dukani siku ya kazi, na za familia nzima siku ya mapumziko. Thamani iliyopanda ya ardhi haikutokana na jasho la mwenye kiwanja wala la mkulima. Ilitokana na reli, na mwenye reli alikuwa amejiweka tayari kuipokea kabla haijapanda. Makampuni mengine ya reli ya Japani yaliiga njia hiyo, na hadi leo mengi yao yana maduka, viwanja na majumba ya kupangisha pamoja na treni.

Njia iliyopita Oyamazaki mwaka 1928 ilijengwa na kampuni shindani. Baada ya miunganiko ya wakati wa vita na mgawanyo wa mwaka 1949, ikaangukia mikononi mwa Hankyu, yaani kampuni iliyotokana na ile ya Kobayashi. Mwaka huo huo wa 1928 mhadhiri mmoja wa usanifu wa majumba wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Fujii Koji, alikamilisha nyumba yake ya tano ya majaribio kwenye mteremko wa mlima. Inaitwa Chochikukyo. Ilijengwa ili ipoe yenyewe wakati wa joto kwa kuvuta hewa baridi ya mtelemko kupitia njia iliyo chini ya nyumba. Ni kazi nzuri, na mwaka 2017 serikali iliitangaza kuwa mali muhimu ya utamaduni. Lakini tuitazame pia kwa jicho la kitabaka. Wa kwanza kupanda mlimani kutafuta hewa safi na kwenda mjini kwa treni walikuwa wasomi na matajiri wa Osaka na Kyoto. Tabaka la wafanyakazi lilifuata miongo kadhaa baadaye, nalo likapewa bondeni.

Lilifuata kwa sababu zinazoeleweka. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1945, Japani ilifanya mageuzi ya ardhi chini ya majeshi yaliyoikalia. Kabla yake karibu asilimia 46 ya mashamba yalilimwa na wapangaji. Baada yake ilibaki kama asilimia 10. Lilikuwa jambo la kimaendeleo, na makada wanaokataa kulikubali kwa sababu tu liliamriwa na jenerali wa Kimarekani wanakosea. Walakini mageuzi hayo yalimpa mlimaji shamba kuwa mali yake ya kuuza. Miji ilipofurika watu katika miaka ya 1950 na 1960, mkulima wa kando ya reli aligundua kwamba mpunga wa miaka mingi haufikii bei ya shamba lenyewe kwa siku moja. Serikali ilichelewa, sheria ya mipango miji iliyotenganisha maeneo ya kujengwa na yale ya kuzuiliwa ilipitishwa mwaka 1968, na wakati huo mashamba mengi yalikwisha kuwa paa za vigae. Oyamazaki, iliyokuwa kijiji, ilipandishwa kuwa mji mdogo mwaka 1967.

Kwetu ardhi ni mali ya umma, na umiliki wa milele wa ardhi ulifutwa mapema baada ya uhuru. Hilo ni jema. Hata hivyo mwenye macho haambiwi tazama: atembelee pembezoni mwa Dar es Salaam aone mashamba ya mihogo na mikorosho yanavyokatwa viwanja na kuuzwa mkono kwa mkono kabla barabara haijafika, na aulize ni nani alijua mapema barabara itapita wapi.

NANI ANALIPA SAFARI

Katika Japani mwajiri kwa kawaida humlipia mfanyakazi wake safari ya kwenda kazini. Hununuliwa tiketi ya mwezi au ya miezi sita, na fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato hadi kufikia yeni 150,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 2016. Wanafunzi wetu wakisikia hivyo husema, basi mfanyakazi huyo ana bahati. Ni kweli kwamba ana nafuu kuliko wengi wetu ambao nauli hutoka mfukoni. Lakini swali la nadharia halijakwisha.

Mwajiri analipa nauli. Halipi muda. Tuchukue mfanyakazi ambaye, tangu mlango wa nyumba yake hadi meza yake ya kazi, anatumia saa moja kwenda na saa moja kurudi. Katika mwaka wenye siku 240 za kazi atakuwa ametumia saa 480, ambazo ni sawa na siku 60 za kazi za saa nane. Siku hizo 60 si mapumziko, kwa maana hayuko na watoto wake wala hayuko shambani kwake. Na si kazi, kwa maana hazimo katika mshahara. Ni wakati ambao nguvu-kazi inasafirishwa hadi mahali pa kutumika, kama makaa ya mawe yanavyosafirishwa hadi kiwandani, isipokuwa kwamba makaa yana mwenye kuyalipia kila saa yanapokuwa njiani. Na kwa kuwa nauli hailemei mfuko wa mtu, hakuna kinachomzuia mwenye viwanja kuuza mbali zaidi na zaidi. Kampuni ya ofisi huokoa gharama ya kujenga nyumba karibu, kampuni ya reli huhakikishiwa abiria, na hazina ya taifa huchangia kwa kusamehe kodi. Hivyo ndivyo umbali unavyokuwa na faida.

Aliyeufanya mpango huu uwezekane ni mwanamke. Mwanamume aondokaye alfajiri na kurudi usiku hawezi kupika, kulea, kwenda kwenye mkutano wa shule, wala kumtazama mzazi mgonjwa. Ilibidi awepo mtu wa kufanya hayo bila mshahara, na sheria ikasaidia awepo. Mwaka 1961 kodi ya mapato iliweka punguzo kwa mume ambaye mkewe hana kipato au ana kipato kidogo. Mageuzi ya pensheni ya mwaka 1985 yakampa mke wa mwajiriwa haki ya pensheni ya msingi bila yeye kuchangia, mradi kipato chake kisivuke kiwango fulani. Haya yaliitwa kinga ya familia, na kwa familia moja moja yalikuwa kinga. Kwa tabaka zima la wafanyakazi wanawake yalikuwa ukuta: mamilioni walijifunza kuhesabu saa zao za kibarua ili wasivuke kiwango. Mji wa kitanda wakati wa mchana ulikuwa mji wa akina mama na watoto wadogo. Siku hizi wanawake wengi wa Japani wanafanya kazi za kulipwa, nao wamo ndani ya treni. Mzigo wa nyumbani haukugawanywa kwa kasi hiyo.

Tarehe 18 Juni 2018, dakika mbili kabla ya saa mbili asubuhi, tetemeko la ardhi liliupiga ukanda wa kaskazini mwa Osaka, jirani kabisa na mji tunaouzungumza. Treni zilisimama zikiwa zimejaa. Ukuta wa shule moja ya jirani, Takatsuki, ulianguka na kumwua mtoto wa kike aliyekuwa akienda darasani. Maelfu ya watu walikuwa njiani, si nyumbani wala kazini, na wengi walitembea juu ya reli kufikia kituo. Siku kama hiyo huonyesha kwa saa chache tu jinsi mfumo mzima ulivyotundikwa kwenye waya mmoja.

KODI HULALA WAPI

Jambo moja katika mpango wa Wajapani linastahili kusomwa kwa makini na wale wanaoshughulikia serikali za mitaa. Kodi ya wakazi hulipwa mahali mtu anapoishi, si mahali anapofanya kazi. Kwa kawaida ni asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na katika mji mdogo kama Oyamazaki asilimia 6 huenda kwa mji na asilimia 4 kwa mkoa. Kodi ya ardhi na majengo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 1.4 ya thamani iliyokadiriwa, nayo huingia kwenye mfuko wa mji. Kwa hiyo mshahara unaopatikana Osaka unajenga shule ya Oyamazaki. Mji wa kitanda usingeweza kuishi bila kanuni hii. Oyamazaki ina bahati ya ziada, kwani bondeni kwake pana viwanda, kikiwamo kiwanda cha magari cha Daihatsu, na vyenyewe hulipa kodi.

Ubaya wa kanuni hiyo huonekana baadaye. Waliohamia pamoja wakiwa vijana huzeeka pamoja. Mstaafu hulipa kodi ndogo na huhitaji huduma kubwa, na mtoto wake, akiisha kusoma kwa kodi ya mji mdogo, huhamia mji mkubwa na kulipa kodi huko. Miji midogo mingi ya Japani iliyotegemea viwanja vya miaka ya 1970 imekumbwa na hali hiyo. Ile iliyo dakika 15 tu kutoka mji mkubwa hupata familia nyingine za kuziba nafasi. Iliyo mbali na kituo cha treni hubaki na madirisha yaliyofungwa.

Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2010 serikali kuu ilisukuma miji na vijiji viungane ili kupunguza gharama, na idadi ya mamlaka hizo katika nchi nzima ikashuka kutoka 3,232 hadi 1,727. Oyamazaki haikuungana na jirani zake. Imebaki na meya wake, halmashauri yake na kilometa zake za mraba zisizofika 6.

Hapa ndipo tunapopata jibu la kwanza kwa swali la darasani. Wengi hudhani kwamba mtu anayelala tu mahali hawezi kupajali. Historia ya ukanda huu inaonyesha vinginevyo. Mkoa wa Kyoto uliongozwa tangu mwaka 1950 hadi 1978, vipindi saba mfululizo, na Gavana Ninagawa Torazo, mwana-uchumi aliyeungwa mkono na vyama vya mrengo wa kushoto. Upande wa pili wa jukwaa la Yamazaki, mkoa wa Osaka uliongozwa na Kuroda Ryoichi, naye wa mrengo huo, kati ya 1971 na 1979. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ya 1970 abiria wa treni ya pole pole alitoka mkoa mmoja wa kimaendeleo na kuingia mwingine, huku serikali kuu mjini Tokyo ikiwa mikononi mwa wahafidhina. Kura za wakazi wa vitongoji vipya, waliochoshwa na moshi wa viwanda, uhaba wa shule na ukosefu wa mahali pa kulelea watoto, zilikuwa sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Haikudumu. Bajeti ilipokaza baada ya kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, serikali hizo zilionekana zina moyo mwema na mfuko mtupu, na upande wa pili ukajua kulitumia hilo.

Oyamazaki yenyewe baadaye ilifikia hatua ya kuishtaki serikali ya mkoa wake. Mji hununua sehemu ya maji yake kutoka kwa mkoa, na hutakiwa kulipia kiasi kilichopangwa, si kile inachotumia. Makadirio hayo yalikuwa makubwa kuliko mahitaji. Mwishoni mwa miaka ya 2000 uongozi wa mji, uliokuwa na msimamo wa kushoto, ulikwenda mahakamani kutaka kiasi hicho kipunguzwe. Ulishindwa. Sisi tunaona kwamba mji ulikuwa na hoja, kwa sababu hatari ya makadirio mabaya ilibebwa na mnunuzi mdogo peke yake. Lakini makada wasome pia upande wa pili wa shauri, kwamba chujio la maji likisha kujengwa kwa ajili ya miji mitatu, mmoja akipunguza mchango wake wawili wataongezewa.

Katika mitaa kuna vyama vya majirani ambavyo hupitisha ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba, husafisha mifereji na kuandaa sherehe. Baadhi ya wanafunzi wetu huvifananisha na mashina ya nyumba kumi kumi. Ufananisho huo una tahadhari yake. Mwaka 1940 serikali ya kijeshi ya Japani iliwakusanya watu katika vikundi vya kiasi cha nyumba kumi, na kupitia vikundi hivyo iligawa chakula cha mgao, ikatoza michango ya vita na kumfanya kila jirani kuwa mlinzi wa mwenzake. Vilipigwa marufuku mwaka 1947. Wazee walioishi wakati huo hawakulisahau jambo hilo, na ndiyo sababu vyama vya sasa ni vya hiari na vijana wengi hukataa kujiunga. Shina linalokuwa sikio la polisi huacha kuwa shina la chama cha umma.

MLIMA

Tumeacha la mlima hadi mwisho kwa sababu ndilo lililowakutanisha wakazi hawa wa usiku mchana kweupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri mmoja wa Osaka, Kaga Shotaro, alianza kujenga kwenye mteremko wa Tennozan jumba kubwa la mtindo wa Kiingereza. Baada ya kifo chake lilibadilisha mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1980, bei ya ardhi ya Japani ilipopanda kiwendawazimu, ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wa majumba, na mpango ukawa kuvunja jumba na kupandisha jengo kubwa la makazi ya kuuza. Kwa hesabu ya soko mpango huo ulikuwa sahihi kabisa: treni karibu, hewa safi, na mandhari ya mito mitatu kutoka dirishani.

Wakazi wa mji walipinga. Walikuwa watu wa bondeni, wengi wao wageni wa mji, ambao hawakuwa na hata tofali moja katika jumba lile. Walikuwa na mlima tu, kwa maana ya kuutazama wanaposhuka kwenye treni jioni. Kelele zao zililazimisha mji na mkoa kutafuta njia, na mkoa ukaiendea kampuni ya bia ya Asahi, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa na uhusiano wa karibu na Kaga. Jumba likatengenezwa, msanifu Ando Tadao akachora ukumbi mpya uliofukiwa chini ya ardhi ili usiharibu sura ya mlima, na mwaka 1996 mahali pote pakafunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya sanaa. Humo mna picha za maua ya majini za Mfaransa Monet.

Katika kulijadili tukio hili darasani tumegawanyika, na hatuoni haja ya kuuficha mgawanyiko huo. Wapo wasemao kwamba umma ulishinda, kwani jengo la makazi halikujengwa, msitu upo, na mtoto wa mfanyakazi anaweza kupanda mlima ule ule. Wapo wasemao kwamba mtaji mmoja ulizuiwa kwa kukabidhi mlango kwa mtaji mwingine wenye adabu zaidi, na kwamba mji ambao una kodi, meya na halmashauri haukuweza wenyewe kununua ekari chache za mlima wake. Hoja zote mbili zina ukweli wa mambo. Wakazi waliopinga walipata walichokitaka kwa sehemu kubwa. Makumbusho yapo wazi, na mwenye kuingia hulipa kiingilio langoni, kwa kampuni ya bia.